Nyuzinyuzi za kopo kwa wenye vifuko vya utumbo mpana: ipi inunuliwe, ipi iachwe

Mtu akishapimwa na kuambiwa utumbo wake mpana una vifuko, ushauri wa kwanza anaopewa ni kuongeza nyuzinyuzi. Mara nyingi ushauri unaishia hapo. Akifika dukani anakuta makopo, pakiti, vidonge na peremende, vyote vimeandikwa nyuzinyuzi na vyote vinaahidi tumbo lenye afya. Bidhaa hizi hazifanani hata kidogo. Moja huvuta maji na kulainisha choo, nyingine hugeuka gesi kabla ya kufika mwisho wa utumbo, na nyingine inaweza kumfunga choo zaidi mtu aliyeinunua ili afunguke. Hapa tunazipima kwa kigezo kimoja tu: zinamsaidiaje mwenye vifuko ambaye kwa sasa hayumo kwenye shambulio, yaani vifuko vyake havijavimba wala kuambukizwa.

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili. Nunua maganda mazima ya ispaghula (psyllium) yasiyotiwa sukari. Anayesumbuliwa sana na gesi ajaribu methiliselulosi. Pumba za ngano zinafaa zikiwa za chenga kubwa, na si kwa kila mtu. Inulini, deksitrini ya ngano na peremende za nyuzinyuzi ziache kwenye rafu. Sababu ni ndefu kidogo, na zinafaa kusomwa, kwa kuwa hata kopo bora likitumiwa vibaya huongeza tatizo lililonunuliwa kulitatua.

Kifuko hutokea pale utando wa ndani wa utumbo unaposukumwa kutokea nje kupitia sehemu dhaifu za misuli, yaani matundu madogo ambamo mishipa ya damu hupenya. Vingi huwa na upana wa milimita 5 hadi 10. Katika nchi za Magharibi hukaa zaidi upande wa kushoto chini, kwenye kipande cha utumbo kilichopinda kabla ya njia ya haja kubwa. Kipande hicho ni chembamba, na misuli inapobana mahali pembamba shinikizo la ndani hupanda. Choo kidogo na kigumu huilazimisha misuli kubana zaidi. Asia ya Mashariki vifuko vingi huonekana upande wa kulia, jambo linaloonyesha kwamba shinikizo na choo kigumu si maelezo yote. Kurithi, umri, unene, uvutaji sigara na dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni navyo vina sehemu yake katika ugonjwa huu.

Kifuko kikishatokea hakuna poda inayokifunga. Lebo inayoahidi kuondoa vifuko inadanganya, na hilo pekee linatosha kuirudisha bidhaa kwenye rafu. La kutia moyo ni kwamba wengi wenye vifuko hawana dalili yoyote, na chini ya asilimia 5 ndio hufikia kuvimba na kuambukizwa, hali iitwayo divetikulaitisi.

Hadi miaka ya 1960 wagonjwa hawa walipewa vyakula laini visivyo na makapi, kwa imani kwamba makapi yangekwaruza utumbo. Mwaka 1971 Neil Painter na Denis Burkitt, huyu wa pili akiwa daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, waliipindua imani hiyo kwa kuandika kwamba ugonjwa unatokana na upungufu wa nyuzinyuzi katika chakula. Mwaka uliofuata Painter alichapisha matokeo ya wagonjwa 70 waliopewa pumba za ngano, na wengi wao walipata nafuu. Kasoro yake ni kwamba hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo. Mwaka 1981 Ornstein na wenzake waliujaza upungufu huo: wagonjwa 58 walitumia kwa zamu mkate mkavu wa pumba, ispaghula, na bidhaa isiyo na nyuzinyuzi za kutosha kufanya kazi, wiki 16 kila zamu. Maumivu hayakutofautiana. Kilichobadilika ni choo, kwani waliokuwa wamefunga choo walifunguka.

Tunauchukua utafiti huo kama mizani ya kila kopo. Kopo linanunuliwa ili choo kiwe laini, kingi na cha kutoka bila kukamua. Likifanya hivyo limefanya kazi yake. Maumivu yaliyotokana na kufunga choo yataondoka pamoja nako; maumivu yenye chanzo kingine yatabaki, na kuongeza vijiko hakutayaondoa.

Upande wa kinga kuna matumaini zaidi, ila yanahusu chakula cha kila siku kuliko poda. Uchunguzi wa EPIC-Oxford nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2011 ukiwa na watu 47,033, ulionyesha kuwa waliokula gramu 25 au 26 za nyuzinyuzi kwa siku na kuendelea walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 41 wa kulazwa au kufa kwa ugonjwa huu, wakilinganishwa na waliokula chini ya gramu 14. Mwaka 2012 uchunguzi wa Marekani uliohusisha watu 2,104 waliopimwa kwa kamera ulikuta kwamba walaji wa nyuzinyuzi nyingi hawakuwa na vifuko vichache kuliko wengine. Matokeo haya mawili si lazima yapingane: kuwa na vifuko ni jambo moja, kuugua kwa sababu yake ni jingine.

Ispaghula: kopo linalostahili fedha yako

Ispaghula ni ganda la mbegu ya mmea uitwao Plantago ovata, unaolimwa kwa wingi India. Kwenye lebo utaona jina hilo au psyllium. Ni kitu kimoja. Ganda huvuta maji na kuwa ute mzito, na bakteria wa utumbo mpana hawalichachushi kwa urahisi. Hapo ndipo thamani yake ilipo. Ute unafika mwisho wa utumbo ukiwa bado na maji yake, kwa hiyo choo kigumu kinalainika, na choo chepesi kinashikana. Wenye vifuko wengi hupishana kati ya hali hizo mbili wiki moja na nyingine, na hatujaona bidhaa nyingine kwenye rafu inayozihudumia zote mbili vizuri hivi.

Inauzwa kwa sura tatu. Maganda mazima ni vipande vyepesi vyenye rangi ya maziwa iliyofifia. Huchelewa kuganda, hivyo una muda wa kukoroga na kunywa. Poda iliyosagwa huganda chini ya dakika moja na hushikamana mabonge. Vidonge havina usumbufu wa kukoroga, lakini kimoja hubeba takriban nusu gramu tu: anayehitaji gramu 5 atameza kama 10, kila kundi kwa glasi kamili ya maji. Kwa safari ya siku mbili sawa. Kwa matumizi ya kila siku hapana.

Geuza kopo usome nyuma. Mstari wa viambato uwe na neno moja. Aina zilizotiwa ladha zinaweza kuwa na kipimo cha gramu zaidi ya 10 ambacho ndani yake nyuzinyuzi ni gramu 3, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni sukari. Aina zisizo na sukari lakini zenye aspatamu, yaani kitamu bandia, hazimfai mwenye fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi ambao mwili hauwezi kuvunja kiambato kimoja cha protini kilichomo ndani ya kitamu hicho. Tofautisha pia gramu za ganda na gramu za nyuzinyuzi: gramu 5 za ganda hutoa takriban gramu 4 za nyuzinyuzi. Ukiona vumbi jingi la kahawia chini ya pakiti, ganda halikusafishwa vya kutosha. Na kwa kuwa madini ya risasi yamepatikana katika baadhi ya bidhaa za ispaghula, na hii ni bidhaa ya kutumiwa kila siku kwa miaka, mpe kipaumbele mtengenezaji anayechapisha vipimo vya madini mazito. Hilo ni muhimu kuliko ladha ya chungwa.

Kosa kubwa zaidi la vipimo linatokana na kijiko. Kijiko kimoja cha chakula cha maganda mazima kina uzito wa kama gramu 5. Poda iliyosagwa hufikia uzito huohuo kwa karibu kijiko kimoja cha chai. Mtu akimaliza pakiti ya maganda, akanunua poda na kuendelea na kijiko kilekile cha chakula, amejipa mara mbili au tatu ya dozi yake bila kujua, kwa maji yaleyale. Siku ya pili tumbo limejaa kama ngoma, naye analaumu ispaghula. Kama una mizani ya jikoni, pima mara moja kila unapofungua pakiti mpya, kisha ukumbuke kijiko hicho ni gramu ngapi.

Namna ya kunywa

Maji hutangulia. Mimina mililita 250 za maji baridi au ya kawaida kwenye glasi, nyunyiza maganda juu huku ukikoroga, kisha unywe mara moja. Ukianza na maganda halafu maji, mabonge yatakuwa makavu katikati. Maji ya moto huharakisha kuganda, na maganda yaliyoachwa mpaka yawe jeli ni magumu kumeza. Watu wengi huacha dawa hii kwa sababu ya jeli na si kwa sababu ya tumbo. Mimina nusu glasi nyingine, suuza mabaki yaliyoshika kwenye kuta, unywe nayo. Usimeze ganda kavu kwa kijiko hata ukiwa na maji mkononi: likivimba kooni linaweza kuziba.

Anza na kijiko kimoja cha chai cha maganda mazima kwa siku, yaani chini kidogo ya gramu 2, kwa wiki nzima. Wiki ya pili viwe viwili. Wiki ya tatu fika kijiko cha chakula, gramu 5. Wengi hutosheka hapo. Asiyetosheka aongeze kijiko cha pili cha chakula kwa wakati mwingine wa siku, kila kimoja na maji yake, na gramu 10 kwa siku ziwe ukomo wa kujipangia mwenyewe. Hakuna zawadi kwa anayefika juu. Dozi sahihi ni ndogo kuliko zote inayotoa choo laini chenye umbo, bila kukamua.

Wakati mzuri ni asubuhi au katikati ya mchana. Kunywa kabla tu ya kulala hakufai, kwa sababu ganda linataka uwe wima na uendelee kunywa maji baada yake. Ukinywa muda mfupi kabla ya mlo utashiba mapema. Kwa mtu mwembamba au mzee asiye na hamu ya kula hilo ni hasara, basi anywe baada ya mlo. Dawa nyingine zitenganishwe kwa angalau saa 2, maana ute unaweza kupunguza au kuchelewesha ufyonzwaji wake. Dawa ya tezi, levothairoksini, tunashauri saa 4. Anayetumia wafarini, digoksini, lithiamu au kabamazepini aongee na daktari kabla ya kuanza, na mwenye kisukari apime sukari mara nyingi zaidi wiki za mwanzo kwa kuwa inaweza kushuka.

Choo hubadilika baada ya saa 12 hadi 72. Utulivu wa tumbo huchukua wiki kadhaa. Jipe wiki 4 hadi 6 kwenye dozi iliyotulia kabla ya kuhukumu, na kama hapo hakuna tofauti yoyote, acha. Fedha hiyo itumike kwenye chakula.

Yanayoharibika, na kwa nini

Gesi na kujaa tumbo wiki ya kwanza karibu kila mara hutokana na haraka. Rudi nusu ya dozi kwa siku saba, kisha upande tena. Kuna sababu nyingine isiyotajwa sana: mtu anaanza kopo na siku hiyohiyo anabadilisha chakula chote, maharage, pumba na saladi kwa pamoja. Tumbo likiunguruma hajui wa kumlaumu. Badilisha kimoja, subiri wiki mbili, kisha kingine.

Choo kikizidi kuwa kigumu, hesabu maji kabla ya kuhesabu vijiko. Ganda litavuta maji popote litakapoyapata, na likiyakosa linabaki tonge. Lita moja na nusu hadi mbili za vinywaji kwa siku hutosha watu wengi. Aliyezuiwa kunywa sana kwa ajili ya moyo au figo asianze ispaghula bila kukubaliana na daktari wake, kwa sababu bidhaa hii bila maji haina usalama.

Kupiga chafya, macho kuwasha au kifua kubana wakati wa kumimina poda ni mzio, na unaweza kuwa mkali. Wauguzi na watu wanaowakorogea wengine kila siku ndio hupata zaidi, kwa kuvuta vumbi. Maganda mazima yana vumbi kidogo kuliko poda. Lakini dalili zikishajitokeza mara moja, acha kabisa bidhaa hii.

Wengine kwenye rafu

Methiliselulosi imetengenezwa kutoka selulosi ya mimea na bakteria hawaichachushi, hivyo gesi ni ndogo. Hulainisha choo vizuri, ingawa haishikanishi choo chepesi kwa ubora wa ispaghula. Maji ya kutosha ni lazima hapa pia. Kwa mtu aliyejaribu ispaghula taratibu na bado anavimba tumbo, hii ndiyo tungempa.

Pumba za ngano ndizo zilizoanzisha habari hii yote, na ni za bei nafuu kuliko wenzake. Gramu 100 zina takriban gramu 43 za nyuzinyuzi, lakini pumba ni nyepesi, hivyo kijiko cha chakula kinatoa gramu 1 na nusu hivi. Ukubwa wa chenga ndio kila kitu. Chenga kubwa hugusa ukuta wa utumbo na kuufanya utoe maji na ute. Zikisagwa laini kama unga uwezo huo hupotea, na choo kinaweza kukauka zaidi. Kwa hiyo pakiti iliyoandikwa "laini" kwa fahari haina faida kwako. Pumba huleta gesi kuliko ispaghula, hushika sehemu ya madini ya chuma, zinki na kalisi yaliyomo kwenye mlo, na zina gluteni, hivyo hazimfai mwenye ugonjwa wa seliaki, ambaye utumbo wake hudhurika kwa gluteni.

Inulini na deksitrini ya ngano hupendwa kwa sababu huyeyuka kwenye kinywaji na hazionekani. Lakini zinachachushwa na bakteria kabla ya kufika mahali zinapohitajika, na nyuzinyuzi iliyokwisha kuchachushwa haishiki maji. Inulini huongeza gesi haraka, na gesi ikinyoosha utumbo ambao tayari una hisia kali, maumivu huja. Peremende nyingi za nyuzinyuzi zina inulini hiyohiyo pamoja na sukari, gramu 2 au 3 kwa kipimo. Kwa ugonjwa huu hatuoni sababu ya kuzinunua.

Mbegu na karanga zinastahili kutetewa. Kwa miaka mingi wenye vifuko walikatazwa karanga, bisi na mbegu ndogo kwa hofu kwamba zingekwama ndani ya kifuko. Mwaka 2008 mtafiti Lisa Strate na wenzake walichapisha matokeo ya wanaume 47,228 waliofuatiliwa kwa miaka 18: waliokula karanga na bisi mara kwa mara hawakuugua zaidi, bali walionekana kuugua kidogo kuliko waliokwepa. Mwongozo wa mwaka 2019 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unasema wazi kwamba hakuna haja ya kuepuka mbegu, karanga, bisi wala maganda ya matunda. Bidhaa inayojinadi kuwa "haina mbegu, salama kwa vifuko" inakuuzia hofu ya zamani.

Kopo halimalizi hesabu. Gramu 10 za ganda ni gramu 8 za nyuzinyuzi, na lengo la mtu mzima ni gramu 25 hadi 30 kwa siku. Sehemu iliyobaki itoke kwenye maharage na dengu, nafaka zisizokobolewa, mboga, na matunda yanayoliwa na ganda lake. Tafiti zilizoonyesha kinga zilipima sahani, na ispaghula ni nyongeza juu ya sahani hiyo.

Asitumie kabisa mtu mwenye shida ya kumeza, mwenye utumbo uliosinyaa kwa makovu, au aliyewahi kuziba utumbo. Aliye kwenye shambulio, yaani maumivu ya kudumu chini kushoto pamoja na homa, asianze wala asiendelee. Wakati huo daktari mara nyingi hushauri vinywaji au chakula chenye nyuzinyuzi chache kwa siku kadhaa, kisha nyuzinyuzi hurudishwa taratibu maumivu yakiisha, kuanzia tena kijiko kimoja cha chai. Damu kwenye choo, kutapika, tumbo gumu, au kushindwa kutoa hata upepo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, hata kama kopo liko nusu na lilikuwa linafanya kazi vizuri jana.

Baada ya shambulio, kama utumbo haukuchunguzwa karibuni, daktari huweza kupanga kipimo cha kamera kama wiki 6 hadi 8 baadaye. Ispaghula na pumba husimamishwa siku kadhaa kabla ya kipimo hicho, kwa sababu ute na makapi huganda ukutani na kumficha mpimaji kile anachokitafuta. Idadi ya siku imeandikwa kwenye karatasi ya maandalizi, na karatasi isipotaja nyongeza za nyuzinyuzi, piga simu kuuliza kabla ya wiki ya kipimo.